Ustadh wa Watoto wa Miaka Minne: Elimu ya Awali na Kazi Zake Nje ya Shule za Serikali



Ndugu zangu katika imani, nianze na kosa langu. Nikiwa mwaka wa kwanza niliombwa kusaidia watoto wadogo katika madrasa moja hapa Bujumbura, Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa nimehifadhi juzuu kadhaa, nikaona zinatosha. Nikawapanga watoto kwenye mkeka, nikawataka wanifuatishe saa nzima bila kutikisika. Mmoja wao, wa miaka minne hivi, alikuwa hatulii. Nikamwita mbele asome peke yake. Akajikojolea, wenzake wakacheka. Hakurudi tena. Mama yake tulikutana njiani, akanisalimia kwa adabu zake zote wala hakunilaumu. Heri angenigombeza.

Mimi nilijua makharij ya herufi. Mtoto sikumjua. Na kumjua mtoto ni elimu yenye milango yake, kama fiqhi ilivyo na milango yake.

Wanazuoni wetu hawakuwa mbali na jambo hili. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto. Imam Ghazali katika Ihyaa anaelekeza kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze, kwa kuwa kumzuilia mchezo na kumbana na masomo tu huufisha moyo wake, hata akatafuta hila za kuikimbia elimu yenyewe. Ibn Khaldun naye anaonya katika Muqaddimah kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa walio wadogo, huwafundisha uongo na unafiki, maana mtoto huonyesha kile kitakachomwokoa na fimbo. Na kabla ya hao wote, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake.

Tulipozungumza haya katika darsa letu hapa Kigobe, ndugu mmoja aliuliza: sawa, lakini ukisoma elimu ya watoto wadogo utaajiriwa na nani? Nafasi za ualimu serikalini tunazijua zilivyo, na sisi wa masomo ya Kiislamu tunaulizwa swali hilo kila siku, hata na wajomba zetu. Jibu nililolipata linatoka Mombasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanaingia shule ya msingi wakiwa nyuma, na wazazi wakivutwa huku na madrasa, huku na shule. Wakamwomba Aga Khan msaada. Ndipo ukaanza mpango wa Madrasa wa elimu ya awali, ambao ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Najua wapo watakaouliza kuhusu madhehebu ya mfadhili. Chekechea zenyewe zilikuwa mali ya jamii: kamati za mtaa ndizo zilizozisimamia, nyingi zikitumia majengo ya madrasa yaliyokuwa yamekaa bure asubuhi. Zikafika zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu.

Sasa tazama waliofanya kazi humo. Wengi walikuwa kina dada wa mitaa ileile, waliomaliza shule bila kupata njia ya kuendelea. Walifunzwa, wakarudi kufundisha kwao, na mkufunzi akawafuata darasani mara kwa mara kuwaongoza. Wapo waliopanda wakawa wakufunzi wenyewe. Njia yao ilichukuliwa kutoka HighScope ya Michigan, Marekani, ikalainishwa kwa mazingira ya pwani: mtoto anapanga atakachofanya, anakifanya, kisha anaeleza alichofanya. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, vitambaa na vizibo vya chupa, pamoja na dua na hadithi za Kiswahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya nchi hizo tatu ulionyesha kwamba watoto waliopitia chekechea walikua kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa mpango wa Madrasa waliwazidi wa chekechea nyingine.

Kwa hiyo kazi ipo, ila haina sura ya ajira tuliyoizoea. Kuna kufundisha walimu wa madrasa, na naiweka hii mbele ya zote. Kuna kuanzisha na kuendesha chekechea ya msikiti, kazi inayotaka hesabu na kamati kama inavyotaka nyimbo. Kuna mashirika yanayohudumia watoto wakimbizi, na nchi yetu ina wakimbizi wa Kongo. Kuna kuelimisha wazazi, na kutunga vitabu vya watoto kwa Kiswahili na Kirundi. Mtoto wa Buyenzi anakulia katika Kiswahili, anakisikia Kirundi mlangoni, kisha shuleni anakuta Kifaransa. Nani anamwandikia huyu?

Nisifiche upande wa pili. Chekechea ya jamii hulipa mshahara kutokana na ada za wazazi, na mzazi akikosa, mwalimu naye hukosa. Atakayeingia aingie akilijua hilo, na awe na hesabu au ufundi mwingine pembeni. Wanaume wenzangu nao wanasema hii ni kazi ya wanawake. Basi mbona maustadhi wa hao watoto wadogo ni sisi?

Kwa anayetaka kuanza bila kungoja kozi, fanya zoezi moja ambalo wanafunzi wa fani hii hulifanya mapema. Omba ruhusa kwa mwalimu, keti pembeni ya darasa, mwangalie mtoto mmoja kwa nusu saa. Andika anachofanya tu, si unachokifikiria juu yake. Usiandike "mtundu", andika "amesimama mara tatu, ameangalia mlango, ameshika tumbo".

Nilipolifanya mimi, niliandika mistari kumi na minne juu ya mtoto ambaye kila mtu pale alimwita mvivu. Katika saba kati ya hiyo alikuwa akigeuza sikio lake la kulia kumwelekea mwalimu. Tulimwambia baba yake ampeleke kwa daktari wa masikio.