Kwa Nini Rangi Hubanduka kwenye Visanamu vya Plastiki Laini

Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuuza visanamu vya askari vyenye kimo kisichozidi sentimita 3. Vilitengenezwa kwa polithini, plastiki laini iliyogunduliwa nchini humo mwaka 1933. Waliovipaka rangi walikumbana na taabu moja: bunduki ya askari ikipindwa kidogo, rangi hubanduka kama magamba.

Sababu ni mbili. Kwanza, molekuli ya polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni tu, usio na sehemu zenye chaji za kuishika rangi. Tone la maji juu yake hujikusanya kama lililo juu ya jani la myugwa. Pili, plastiki hupindika, ilhali rangi ngumu iliyokauka hupasuka.

Basi tufuate utaratibu huu:

1. Kisanamu kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha kikaushwe.
2. Kipakwe gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka hukibana pande zote kama ngozi.
3. Zipakwe rangi za akriliki, ambazo hupindika, kwa matabaka membamba.
4. Gundi ipakwe tena juu.

Viwanda vinavyochapa maandishi juu ya chupa za polithini huzipitisha kwanza katika ndimi za moto. Oksijeni hujiunga na uso wa plastiki, nao wino hupata pa kushika. Kushikamana, basi, hutegemea uso unaopakwa sawa na rangi yenyewe.