Ziba Masikio Kabla ya Kufyatua

Leseni unayo, bunduki umeisafisha, na Jumamosi unaelekea Kirigiti au uwanja wowote unakolenga shabaha. Vizuri. Kabla hujaongeza boksi jingine la risasi kwenye orodha ya manunuzi, tushughulikie masikio.

Jicho lina kope. Vumbi likija, linajifumba. Sikio halina. Mlio wa risasi unaingia wote. Hata bunduki ndogo ya .22 hufikia takriban desibeli 140. Bastola ya 9mm na shotgun huvuka 150, na mara nyingi hugusa 160. Kwa mlipuko wa ghafla, kikomo cha mtu mzima ni hiyo 140. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba unapiga risasi chache tu: moja inatosha kukuachia jeraha. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa, havioti tena, wala hakuna dawa ya kuviotesha.

Habari njema ni kwamba kinga haina ugumu. Shida ni moja: watu wengi hununua namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Wewe nunua kinachokaa.

Anza na mahali unapopigia

Nje, kwenye uwanja wazi, mlio unatawanyika. Ndani ya jengo, au chini ya banda lenye paa na kuta, unagonga na kukurudia. Ukipigia mahali pa namna hiyo, chukua kinga kali zaidi.

Angalia pia mdomo wa mtutu. Kile kifaa chenye matundu kinachopunguza teke la bunduki husukuma mlio pembeni na nyuma, yaani kwako na kwa jirani yako. Ukikaa karibu na mtu mwenye nacho, jihesabu kama unapiga bunduki yake.

Jua vilivyoko sokoni

Vizibo vya sponji ndivyo rahisi kwa bei, na ukivivaa sawasawa vinazuia sana. Kasoro yake ni moja: vinataka mkono uliozoea.

Vizibo vya mpira vyenye ngazi ngazi huoshwa na kutumika tena. Huingia haraka, lakini si kila tundu la sikio linavipenda.

Vifuniko ni vile vikubwa kama hedifoni. Ni rahisi kuvaa na kuvua, na msimamizi wa uwanja anaviona kwa mbali. Vina joto, jasho litakutoka.

Vifuniko vya elektroniki vina maikrofoni. Vinapitisha maongezi na amri za msimamizi, kisha vinakata sauti mlipuko unapotokea. Ni bei zaidi, lakini kwa anayeanza, kusikia amri vizuri ni sehemu ya usalama wa kila mtu.

Hedifoni zako za muziki, hata zile za bei mbaya zinazopunguza kelele za ndege, haziingii kwenye orodha hii. Ziache garini.

Soma namba, ila usiiabudu

Bidhaa za Marekani huandikwa NRR, za Ulaya huandikwa SNR. Usizilinganishe kana kwamba ni kipimo kimoja. Linganisha NRR na NRR, SNR na SNR.

Namba hizo hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Uwanjani utapata pungufu. Kuna hesabu ya haraka inayotumika viwandani: chukua NRR, toa 7, gawanya kwa 2. Pakiti ikisema 29, wewe hesabu 11. Hesabu hii ilitungwa kwa kelele za mashine, si za risasi, lakini inatosha kukuzindua dukani.

Jaribu kwa kichwa chako

Nenda kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza helmeti, glavu na gambuti. Vaa kifuniko ukiwa na miwani yako ya uwanjani. Fungua mdomo, tikisa kichwa, tazama juu na chini. Sasa bonyeza vikombe kwa viganja. Kelele za barabarani zikipungua ulipobonyeza, basi kulikuwa na upenyo. Rudisha, jaribu kingine.

Upenyo mara nyingi huletwa na mikono ya miwani. Chagua miwani yenye mikono myembamba, iliyo bapa.

Nywele nazo zina neno lao. Rasta na misuko mikubwa huinua kikombe; zivute nyuma ya masikio kwanza. Kofia igeuzwe au ivuliwe. Ukivaa hijabu, tanguliza vizibo, kisha vaa kifuniko ndani ya kitambaa. Kipo cha upinde unaopita nyuma ya shingo, hakikusumbui kichwani.

Kumbuka kitako cha bunduki

Kwa bastola, kifuniko chochote kinachokukaa kitafaa. Kwa bunduki ndefu, shavu linalala kwenye kitako, na kikombe kinene kinagonga na kuinuka. Hapo hapo kinga imekwisha, na wewe hata hujui.

Tafuta vikombe vyembamba, vilivyokatwa upande wa chini. Mwombe msimamizi akuruhusu kujaribu kwa bunduki tupu kwenye mstari wa kufyatulia. Kikombe kikisogea hata kidogo, tegemea vizibo.

Vaa kizibo cha sponji hivi

Nawa mikono. Viringisha kizibo polepole kwa vidole mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio, livute juu na nyuma. Ingiza kizibo. Kishikilie, hesabu mpaka 30 huku kikivimba.

Sasa jipime. Ongea: sauti yako inapaswa kusikika kama uko ndani ya pipa. Ziba masikio kwa viganja: kama kelele hazipungui sana, kizibo kimekaa. Mwenzako akikutazama usoni na kuona sponji imechomoza kama mkia, toa, rudia.

Vaa vyote viwili

Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayohusika na afya kazini, inashauri anayepiga risasi avae vizibo na kifuniko kwa pamoja. Fuata ushauri huo, hasa ukiwa ndani ya jengo.

Lakini usijumlishe. Kizibo cha 29 na kifuniko cha 23 havikupi 52. Unapata kama desibeli 5 juu ya kile kilicho bora. Tano hizo si haba. Faida nyingine: miwani ikiinua kikombe, kizibo bado kiko kazini.

Kifuniko chako kikiwa cha elektroniki, vaa vizibo chini yake kisha ongeza sauti. Amri utazisikia, mlipuko utabaki nje. Beba betri za akiba.

Acha hivi

Pamba haizuii mlio wa risasi. Tishu haizuii. Ganda la risasi ulilochomeka sikioni halizuii, na kulitoa kunaweza kukupeleka hospitali. Kidole nacho kinahitajika kwingine.

Usisahau wageni wako

Anayesubiri zamu, anayerekodi video, anayeandika pointi: wote wanasikia mlio uleule. Weka jozi za ziada kwenye begi.

Mtoto asivalishwe kifuniko cha baba kilicholegea. Mnunulie cha saizi yake. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mlipuko kuwa desibeli 120, na hata .22 inavuka hapo. Kama hakuna kinachomkaa, abaki nyumbani siku hiyo.

Vaa mapema, vua mwisho

Vaa kabla hujaukaribia mstari. Vua msimamizi akishatangaza kuwa bunduki zote ni tupu. Wewe kumaliza risasi zako si kigezo; jirani bado ana tano.

Tunza ulichonunua

Sponji zikichafuka au zikikataa kuvimba, tupa. Za mpira osha kwa sabuni na zikauke. Mito laini ya kifuniko ikipasuka au kuwa migumu, ibadilishe, maana ndiyo inayoziba. Usiache kifuniko juu ya dashibodi jua likiwaka.

Mfuko ukiwa mwembamba

Nunua pakiti ya vizibo vya sponji na kifuniko chembamba cha kawaida. Fanya mazoezi ya kuvaa nyumbani kwa siku tatu. Cha elektroniki kitakuja baadaye. Ukipata nafasi, kapimwe usikivu sasa, uwe na rekodi ya kulinganisha mwakani.

Masikio yakivuma baada ya kupiga, au watu wakianza kusikika kama wako chumba cha pili, simamisha mazoezi na umwone daktari wa masikio mapema.

Jumamosi hiyo usiku, zima redio na televisheni, ukae kimya dakika moja. Ukisikia nyenje wanalia, fungua dirisha kwanza uhakikishe kwamba wako nje.