Mafuta Ndani ya Jicho: Tungoje Jeli?

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 62 na ana kisukari. Retina yake ilibanduka, akapasuliwa Dar es Salaam na kuwekewa mafuta jichoni. Ameambiwa arudi baada ya miezi minne yatolewe, naye anaogopa kisu cha pili. Nimesoma kuwa kuna jeli mpya ambayo haihitaji kutolewa. Je, tunaweza kuisubiri?
Msomaji, Iringa

JIBU: Mpe mama pole. Jeli hiyo ipo kweli, lakini ingali kwenye majaribio, ilhali mafuta aliyo nayo mama yana muda wake. Msisubiri.

Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mwangavu wa kama mililita 4. Karibu wote ni maji, yaliyoshikwa na nyuzi nyembamba za kolajeni na asidi ya hayaluroniki. Daktari huuondoa ili aifikie retina, ailaze mahali pake na kuzungushia tundu lililochanika alama za leza. Upasuaji huo ulianzishwa na Robert Machemer nchini Marekani mwaka 1970. Shida ni kwamba ute ukishatoka haurudi. Jicho hujaza nafasi ile kwa maji yake lenyewe, nayo hayawezi kuishikilia retina wakati kovu la leza linakomaa. Ndiyo maana huwekwa gesi au mafuta ya silikoni.

Gesi huisha yenyewe, nyingine kwa wiki mbili, nyingine kwa takriban miezi miwili. Lakini mtu akipanda mwinuko, gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda kwa hatari. Si ndege tu: hata basi la kutoka Dar hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, linatosha kuleta madhara. Huenda hilo nalo lilifikiriwa mama alipochaguliwa mafuta.

Mafuta hayatanuki, ila yana kasoro zake. Huelea juu ya maji, hivyo hukandamiza zaidi sehemu ya juu ya jicho, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huamriwa kulala kifudifudi. Hupindisha mwanga tofauti na ute wa asili, kwa hiyo mama kuona ukungu sasa si ajabu; asinunue miwani mpaka yatolewe. Yakikaa mno huleta mtoto wa jicho, na hukatika matone madogo yanayoweza kuziba njia za kutolea maji ya jicho, presha ikapanda, au kuharibu kioo cha mbele.

Jeli inatafutwa ili iondoe usumbufu huo wote. Kwa kuwa hujaza nafasi nzima, mgonjwa asingehitaji kulala kifudifudi. Lakini masharti yake ni magumu: ipite kwenye sindano nyembamba bila kusagika, ishike ikishaingia, iwe angavu na kupindisha mwanga kama ute, isivimbe, isiamshe uvimbe wala sumu kwenye retina.

Watafiti wa Singapore walitengeneza polima inayofanya kinyume cha mafuta ya nazi: yale huganda kwa baridi ya Iringa, hii ni majimaji ikiwa baridi na huganda ikikutana na joto la mwili. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, waliijaribu kwa sungura na nyani. Iliishikilia retina, ikayeyuka taratibu kwa takriban miezi mitatu, na nyuma yake kukabaki kitu kinachofanana na ute wa asili. Wenzao wa Japani walikwisha kuonyesha mwaka 2017 jeli nyingine iliyokaa kwenye macho ya sungura zaidi ya mwaka bila madhara makubwa.

Mbona basi haijafika hospitalini? Kwa sababu jicho la sungura kwa mwaka mmoja si jicho la binadamu kwa miaka ishirini. Miaka ya 1980 madaktari walitumia ukanda wa jeli ulioshonwa nje ya ukuta wa jicho ili kuibana retina. Mwanzoni ulisifiwa. Miaka kadhaa baadaye ukaanza kuvimba na kumeguka kwa baadhi ya wagonjwa, ukasukuma jicho, na kuutoa kukawa kazi ngumu. Kama nje ya jicho ilikuwa hivyo, ndani hatuna ruhusa ya kubahatisha.

Kwa hiyo mpeleke mama kwa tarehe aliyopewa. Baadhi ya macho huachiwa mafuta kwa muda mrefu zaidi, lakini huo ni uamuzi wa daktari aliyeiona retina. Mwulizeni: imelala vizuri yote? Presha ya jicho ikoje? Mafuta yakitoka, kuna hatari gani ya kubanduka tena, na mtoto wa jicho atatolewa siku hiyo hiyo? Sukari nayo idhibitiwe tangu sasa, maana isiposhikwa huendelea kuharibu retina hata upasuaji ukiwa mzuri kiasi gani.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, mama akitapika, akiona vimulimuli au kivuli kinachofunika upande mmoja, mwahisheni hospitali ya macho siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.