Saratani ya titi: kwa nini kidonge kinamezwa miaka mitano?

Wapo akina mama waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, wakapewa vidonge vya tamoksifeni, kisha baada ya miezi michache wakaviacha kwa kuwa "nimeshapona". Jambo hili ni la hatari, na ili tulielewe ni lazima kwanza tuijue homoni ya estrojeni.

Estrojeni hutengenezwa zaidi katika ovari na husafiri katika damu. Ikifika kwenye seli ya titi hupenya hadi kwenye kiini, ambamo hukutana na protini iitwayo kipokezi. Mfano wake ni ufunguo na kufuli. Vikishaungana hushika jeni na kuiamuru seli igawanyike. Katika titi lenye afya amri hii ina kikomo. Katika saratani haina, na takriban saratani saba kati ya kila kumi za titi zina vipokezi hivi. Kwa saratani hizo, estrojeni ni mbolea.

Daktari George Beatson wa Glasgow alieleza mwaka 1896 kuwa uvimbe wa titi ulinywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari. Kipokezi chenyewe kilikuja kutambuliwa na Elwood Jensen wa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tamoksifeni huingia katika kufuli hilo bila kulifungua, hivyo estrojeni hukosa nafasi. Lakini seli chache zilizojificha mwilini huweza kulala miaka mingi kabla ya kuamka. Ndiyo maana humezwa miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano, na wengine hadi kumi. Miaka mitano hiyo hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja.

Muulize daktari: je, uvimbe wangu umepimwa vipokezi? Kama havipo, dawa hii haisaidii, basi usimpe jirani vidonge vyako.

Joto la ghafla na jasho ni kawaida. Ila katika mfuko wa uzazi dawa hii hufanya kazi kama estrojeni. Aliyekoma hedhi akiona damu asiseme ni istihadha tu akanyamaza. Aende hospitali upesi. Vilevile mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikibana ghafla. Na asishike mimba akiwa anaitumia.

Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuiacha. Ni dozi moja kwa siku, nayo humezwa wakati wa futari au daku.