Taa ya Gia Iliyoungua

Swali: Taa inayoonyesha P, R, N na D kwenye gari la zamani la otomatiki imezimika. Hurekebishwaje?

Jibu: Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, balbu hiyo huwaka pamoja na taa ndogo. Kama taa za nyuma na za dashibodi zimezimika pia, fyuzi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikiwa imezimika peke yake, huenda balbu imeungua.

Waya hasi wa betri hufunguliwa, kisha kifuniko cha plastiki kinachozunguka gia hubanduliwa taratibu. Vibanio vyake vya zamani hukatika upesi. Soketi huchomolewa chini ya herufi. Balbu ni ndogo sana, ya volti 12, wati 1 na kitu. Yenye wati nyingi huyeyusha plastiki, na fundi anayesema “hii pia itaingia” asisikilizwe. Kifuniko cha mpira cha rangi, kama kipo, huhamishiwa balbu mpya. Ya LED isipowaka, hugeuzwa.

Kwenye miteremko ya milima ya Mbooni, Kenya, usiku, dereva huhitaji gia ya 2 au L ili injini isaidie breki; kwa hiyo alama hizo nazo lazima zionekane.