Sikio na Maikrofoni: Tajiriba ya Kurekodi Utenzi Gatini Mokowe

Aghalabu sisi watafiti wa fasihi simulizi hujiandaa kwa hojaji na daftari, maikrofoni tukaiazima siku ya safari. Nami nilifanya vivyo hivyo. Gatini Mokowe, washukiapo abiria wa mabasi ili wavuke kwenda Lamu, mzee mmoja alinighania utenzi kwa saa nzima. Pale nilimsikia barabara. Niliporejea chuoni na kuisikiliza kanda, nilikuta ngurumo za injini za boti na upepo wa kusi, huku sauti ya mzee ikielea kana kwamba yuko ng'ambo.

Chanzo ni tofauti kati ya sikio na chombo. Binadamu husikia mitetemo ya takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini sikio ni jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Ngurumo ya chini hulisumbua kidogo tu. Isitoshe, tuna masikio mawili. Sauti ya ubavuni hulifikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika elfu moja ya sekunde, na ubongo huitumia kubaini upande itokako. Mnamo mwaka 1953 Colin Cherry, mtafiti wa Uingereza, alichunguza namna msikilizaji anavyomfuata msemaji mmoja kati ya wengi. Maikrofoni moja haina hiari hiyo: hupokea yote na kuyarundika pamoja.

Kwetu wanafunzi wa Kiswahili hili si suala la mafundi pekee. Katika Kiamu, paa wa porini hutofautishwa na paa la nyumba kwa mpumuo. Mpumuo huo ni sauti hafifu, nayo humezwa upesi na upepo. Anayenukuu beti kutoka rekodi mbovu huenda akambadilishia mtunzi neno bila kujua, kisha akamsingizia kosa la vina!

Kwa mghani, basi, yafaa maikrofoni inayopokea zaidi upande wa mbele, iwekwe kama shubiri mbili kutoka kinywani na kuvikwa kikinga upepo cha manyoya. Sifongo pekee haitoshi ufuoni. Kwa mandhari yenyewe ya gati, yaani punda, wapagazi, maji yapigayo nguzo, zahitajika mbili. Mtindo wa redio ya Ufaransa huzitenga kwa sentimita 17, karibu na umbali wa masikio yetu, na kuzielekeza kwa pembe ya nyuzi 110. Mandhari hayo nayo yastahili kuhifadhiwa, hasa tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe jirani, Kililana, mwaka 2021.

Nilirudi Mokowe na vifaa hivyo. Mzee alikubali kughani tena, na safari hii kila mpumuo ulisikika. Ila beti kadhaa za mwanzo alizibadilisha, na nilipomuuliza alicheka tu. Kanda ile mbovu ningali nayo.