SOMO: MTO UKIJAA, TUNGOJE



Katika Mkoa wa Tabora mvua huanza mwezi wa Novemba na huendelea mpaka Aprili hivi. Mwanzoni ardhi ni kavu, hunywa maji mengi. Lakini ikifika Januari na Februari ardhi imekwisha shiba. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana pa kuingia. Hukimbilia mbugani na kwenye mito, kama Igombe, Wala na Ugalla. Maji hayo huishia Mto Malagarasi, ambao humwaga katika Ziwa Tanganyika.

TUPIGE HESABU

Mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba. Eka moja ina kama mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 50 huleta lita 200,000 katika eka moja. Debe moja huchukua lita 20. Kwa hiyo hayo ni madebe 10,000! Na hiyo ni eka moja tu. Je, eka zote za vijiji vya juu, mto unakotoka?

Ndiyo maana mto waweza kujaa kwenu huku jua linawaka. Mvua ya jana kule juu inafika kwenu leo.

WAPAGAZI WA ZAMANI

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wengi wao walisafiri kiangazi, na masika walikuwa nyumbani wakilima. Walipofika Malagarasi, huko Uvinza, hawakujitosa majini. Msafara ulilipa hongo kwa mtawala wa huko, ukavushwa kwa mitumbwi. Ikiwa mtu mwenye mzigo wa pembe begani alingoja mtumbwi, sisi tunaokwenda gulioni tuna haraka gani?

TUFANYE NINI?

1. Tuchomeke mti ukingoni, tuutie alama kila shubiri moja. Tuuangalie asubuhi na jioni. Maji yakizidi kupanda, tumwarifu mwenyekiti wa kijiji.

2. Tusivuke maji ambayo hatuoni chini yake. Maji ya magotini yakienda kasi humwangusha hata mtu mzima. Watoto wasivuke kwenda shule. Somo la siku moja hufidiwa, mtoto hafidiwi.

3. Mbegu na chakula tuviweke juu darini. Mifugo tuihamishie penye mwinuko kabla ya usiku.

4. Maji yakifurika huingia vyooni, kisha visimani. Hapo ndipo kipindupindu hupata njia. Tuchemshe maji ya kunywa mpaka yatokote.

5. Tusikilize redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na tuwaeleze majirani wasio na redio.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mto hujaa upesi zaidi Februari kuliko Novemba?

2. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye eka moja, ni lita ngapi? Ni madebe mangapi?

3. Kijijini kwenu watoto wangapi huvuka mto kwenda shule? Mto ukijaa, nani atasimama kivukoni kuwazuia? Mchagueni leo, kabla mvua haijanyesha.